Gari Katikati ya Wakwe

Mkwe wa watu akienda ukweni huonekana na mzigo unaoeleweka: sukari, kitenge, pengine jogoo aliyefungwa miguu. Clever alifika Mabawe na pikipiki yake iliyobeba pima maji, tepu, kamba ya waashi, vipande viwili vya bati na kopo la grisi. Waliomwona njiani walidhani anakwenda kumjengea mzee choo.

Hakwenda kujenga kitu. Alikwenda kupima magurudumu ya gari la baba mkwe wake, Mzee Evaristi, na kwa kipimo hicho ama angerudi Biharamulo na mke na mtoto, ama angerudi na bati zake.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe, Joyness, alikuja kwao kujifungua mzaliwa wa kwanza. Uchungu ulipomshika, Clever alikuwepo. Akapewa ufunguo wa gari, akampeleka hospitali, akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Irambona. Joyness akabaki wodini kidogo. Alhamisi Clever akalirudisha gari, ameliosha mpaka vioo, kisha akarudi Biharamulo kazini. Jumapili mzee akaliendesha kwenda misa, na gari likawa linavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona mahindi ya jirani. Haukupita muda tairi la mbele la upande huo likaanza kuliwa kwa ndani.

Mzee Evaristi hakuuliza. Yeye si mtu wa kuuliza, ni mtu wa kutangaza. Akatangaza mbele ya ukoo kwamba mkwe wake amegonga gari akanyamaza. Siku atakayosema alichogonga ndiyo siku atakayomchukua mkewe. Asiposema, mtoto atakulia Mabawe.

Na mtoto kweli akawa anakulia Mabawe. Akaanza kucheka, akaanza kukaa kwa kuegemezwa mito, na nyumbani kwa baba yake hajapaona. Mshenga wao, Erasmus, alikwenda na kurudi mpaka akachoka.

"Kubali tu," akamwambia Clever. "Peleka mbuzi, sema uligonga kisiki, yaishe. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Sikugonga kitu, Erasmus. Nikikubali hili, kila kitakachovunjika kwenye ukoo ule nitakuwa nimekivunja mimi."

Na ni kweli, hakugonga. Msomaji alijue hilo tangu sasa, tusipotezeane muda.

Clever ni seremala, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu kinafanya kazi, hapati raha mpaka ajue kinafanyaje. Amewahi kufungua kitasa cha mlango wa mteja kwa sababu tu kilifunga vizuri kupita vingine. Hili la gari lilimkera kwa namna mbili. Lilimnyima mke, na juu ya hapo hakuelewa kwa nini chuma kilichonyooka juzi kiende upande leo. Akashinda kwenye gereji moja ya Biharamulo akiuliza maswali, mpaka fundi akamuuliza kama anatafuta kazi au anatafuta ugomvi. Alichokipata pale kilimfurahisha hadi akasahau kula: gari hunyooshwa kwa kamba mbili na mahali palipo sawa. Ni fremu ya mlango, ila imelala.

"Shikamoo, Baba," akasema sasa, amechuchumaa uani.

"Marahaba. Umekuja kusema?"

"Nimekuja kupima, Baba. Gari litasema lenyewe."

Mzee Evaristi alikuwa kibarazani, redio pembeni, ufunguo wa gari juu ya redio. Akaipunguza sauti.

"Barabara zetu mbovu hulegeza magurudumu yote mawili ya mbele," Clever akaeleza. "Hili kidogo na lile kidogo. Barabara haichagui mguu mmoja. Lakini mtu akigonga, hugonga kwa gurudumu moja, na hilo ndilo huenda upande. Tukikuta yote mawili yameachia, ni barabara. Tukikuta yamenyooka, nimeonewa. Tukikuta ni moja tu, basi nimegonga, na nitasema mbele ya watu."

Mzee akaipenda hoja hiyo. Aliwahi kuwa mzee wa baraza, na shahidi asiyehongeka hakuwahi kumpata hata mara moja.

"Lakini husomi pande zote mbili wewe," akasema. "Mshtakiwa hajiandikii hukumu."

"Joyness anaweza kusoma upande wa pili."

"Mkeo huyo. Atasoma unachotaka."

"Basi wewe, Baba."

Mzee akakohoa. Macho yake yalikuwa na ukungu; hata kalenda ya ukutani aliisoma kwa kukumbuka. Akageukia jikoni alikokuwa mkewe. "Deodata! Njoo ushike kipimo. Mama huyu ameuza maharage sokoni miaka yote, hajampunja mtu kikombe."

Joyness, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto kwenye kizingiti cha jiko, aliinua kichwa.

Maana Mama Deodata na mkwe wake hawakaribiani. Vijana wengi wa siku hizi desturi hiyo wameiacha, lakini Mama Deodata aliishika kama rozari. Clever akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutokea wa nyuma. Husalimiana kwa mbali, mkwe amechuchumaa, mama amegeuza uso na upindo wa kitenge umefunika shavu. Sasa watu hao wawili washike kamba moja?

"Gari si lipo katikati?" mzee akasema. "Huyu huku, yule kule. Ukuta gani mwingine mnautaka?"

Basi wakalisukuma gari hadi kwenye sakafu ya kuanikia kahawa, na Clever akalaza pima maji yake hapa na pale, akichungulia lile povu linavyotulia. Palikuwa sawa kuliko alivyotegemea. Chini ya kila gurudumu la mbele akaweka kipande cha bati kilichopakwa grisi, ili gurudumu likae linakotaka lenyewe bila kushikwa na sakafu. Usukani akaunyoosha, akaufunga na kiti kwa kanga ya Joyness. Kisha akakopa vigoda vinne jikoni, akavisimamisha kwenye pembe nne za gari, na kuvuta kamba mbili ubavuni, moja kila upande, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Akapima nafasi baina ya kamba mbele ya gari, akapima nyuma, akasogeza kigoda, akapima tena, mpaka kamba zikaenda sambamba.

Hapo moyo wake ukatulia. Kwa muda aliisahau kesi. Gari lile kuukuu, lenye kutu mlangoni na kinyesi cha kuku kwenye bampa, lilikuwa limesimama katikati ya mistari miwili iliyonyooka, na kila upotovu wake ungeonekana.

"Upande wangu nitasoma mimi, Mama," akasema kuelekea angani, maana hakujua aelekee wapi. "Unapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa rimu, mbele kwanza, halafu nyuma. Zikilingana, gurudumu limenyooka."

"Nimesikia," ikajibu sauti ng'ambo ya gari.

Clever akapima la kulia. Mbele, sentimita kumi na mbili. Nyuma, kumi na mbili. Akazitaja kwa sauti, na mzee kibarazani akazirudia kama anayejibu litania.

Akaisukuma tepu chini ya gari hadi ng'ambo. "Na huko, Mama? Mbele?"

Ikapita kimya kirefu. Kuku akapita pia.

"Kumi na mbili."

"Nyuma?"

"Kumi na mbili."

"Gari linasemaje?" mzee akauliza.

Hapa ndipo mtu mwenye akili zake angesema: limenyooka, Baba, nimeonewa, nipeni mke wangu. Kesi ilikuwa imekwisha. Joyness alishaanza kutabasamu. Lakini ule ugonjwa wa Clever ukamshika pabaya. Kama limenyooka, linavuta kwa nini? Na tairi limeliwa na nini?

"Bado kidogo, Baba," akasema. "Ngoja nihakikishe."

Mzee akairudisha juu sauti ya redio. Yalikuwa matangazo ya vifo, na matangazo ya vifo hakuwahi kuyakosa.

Clever akalala kifudifudi upande wake, shavu kwenye sakafu, akafumba jicho moja kama anavyofanya akikagua ubao. Akachungulia chini ya gari hadi ng'ambo. Hakuhitaji tepu. Gurudumu la kushoto lilikuwa limefunguka nje kama unyayo wa bata, ukingo wake wa mbele umeisogelea kamba na wa nyuma umeikimbia. Kando ya gurudumu hilo aliona kandambili mbili, na ndani yake vidole vya miguu vilivyojikunja kwa nguvu.

Mama Deodata alikuwa amesema uongo. Mwanamke asiyepunja kikombe cha maharage alikuwa amepunja sentimita tatu mchana kweupe.

"Mama," akaita kwa sauti ya chini, bado amelala. "Hebu soma tena pale mbele."

"Nimeshasoma."

"Kutoka huku naliona. Limefunguka."

Ile sauti ikashuka, ikapita chini ya gari moja kwa moja hadi sikioni mwake. "Baba Irambona, wewe si unamtaka mkeo? Chukua namba niliyokupa, umchukue mkeo, uende."

"Kwa nini, Mama?"

Kandambili zikasogea. Mama Deodata alikuwa ameketi chini, ameegemea mlango wa gari upande wake.

"Wewe unanijua mimi kama mama wa jikoni," akasema. "Wakimbizi walipojaa Ngara hii nilikuwa msichana, na wazungu wa misaada walinifundisha gari. Nilipeleka dawa kambini kwenye matope ambayo wanaume walishuka wakasukuma. Baba Joyness aliponioa akasema madereva wawili nyumba moja ni vita. Nikaacha. Sikulia, niliacha tu."

Clever alipumua polepole, asije akaukatisha uzi wa maneno.

"Ulipolirudisha gari Alhamisi, kesho yake Baba Joyness akapanda bodaboda kwenda hospitali. Apimwe macho, na amwone mtoto. Macho yakitiwa dawa hayaendeshi, ndiyo maana gari likabaki. Nikamwambia twende wote. Akasema nibaki nichunge maharage, yameanikwa. Mjukuu wangu wa kwanza, nami nichunge maharage! Nikakaa. Nikashindwa kukaa. Nikachukua ufunguo."

"Ukaendesha."

"Mikono ilikumbuka. Miguu ndiyo iliyosahau. Pale kwenye kalavati la kwanza, gurudumu likaingia mferejini, likagonga zege. Nikaogopa, nikarudi. Jumapili alipoanza kukutaja, nikasema moyoni nitasema kesho. Kesho ikawa kila siku. Nimekuacha ukaitwa mwongo, nimemwona mwanangu akilia, na bado nikanyamaza. Ningekuambiaje? Hata kukusogelea siwezi. Leo ndiyo nimepata pa kusemea."

Hasira ilimpanda Clever hadi masikioni. Miezi yote hiyo! Amekosa kumwona mwanawe akicheka mara ya kwanza, amechekwa Biharamulo na Ngara, na aliyejua alikuwa hapo hapo akipepeta maharage. Angeweza kusimama na kupaza sauti, mzee akasikia, na haki ikatendeka.

Lakini alivifikiria vidole vile vilivyojikunja, akaona angekuwa nani baada ya hapo. Mwanamume aliyemvua mama mkwe wake nguo mbele ya mumewe, hata kama ni kwa maneno tu. Na mama huyo alitaka kumwona mjukuu, basi. Hasira haikuisha, ila ilikosa mahali pa kwenda.

"Tulinyooshe kwanza," akasema.

Kulinyoosha kulikuwa na aibu yake. Nati ya kulegeza iko ndani, kwenye ile fimbo inayoshika gurudumu, mafundi huiita tairodi, na ili aifikie ilimbidi aingie chini ya gari chali, miguu imebaki nje upande wa Mama Deodata, suruali imepanda hadi magotini. Mkwe gani hulala chali mbele ya mama mkwe?

"Mama, naomba ugeuke."

"Nimeshageuka zamani. Tengeneza."

Nati ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaipaka grisi, akaipiga, akaibembeleza, ikakubali. Fimbo yenyewe ilikuwa imepinda kidogo, ingebadilishwa siku nyingine. Akaizungusha taratibu, naye Mama Deodata, uso kwenye migomba na mkono kwenye tepu, akawa anageuka mara moja moja kusoma. Safari hii alisoma kweli.

"Tisa. Tisa na nusu. Kumi. Haisogei. Sasa inasogea. Kumi na moja na nusu. Ngoja hapo! Umepitiliza, rudi. Rudi tena. Hapo."

"Na nyuma?"

"Sawa na mbele. Ya kweli."

Clever akakaza nati, akatoka chini ya gari amejaa vumbi na furaha asiyoitarajia. Gurudumu la chuma limemtii mtu mwenye kamba ya waashi! Kisha akakumbuka kwamba kibarazani anangojewa.

"Gari linasemaje?" mzee akauliza, safari hii amesimama.

"Ni gurudumu moja, Baba. La kushoto."

"Yaani?"

Jina lake ndicho kitu pekee Clever alichokuja nacho kikiwa kizima. "Yaani niligonga. Nilinyamaza. Naomba unisamehe."

Joyness alimtazama kama mtu aliyebadilishiwa mume. Mwanamume huyu alimwapia kwenye simu, akalia, naye akamtetea mbele ya baba yake mpaka wakanuniana. Clever aliinamisha kichwa, maana jicho lile liliuma kuliko matangazo yote ya mzee.

Mzee Evaristi alitanua kifua. "Sasa si ungesema tangu mwanzo? Tumepoteza..."

"Fungueni hizo kamba."

Mama Deodata alikuwa amezunguka mbele ya gari. Kitenge kilikuwa kiunoni, kimefungwa fundo. Alipita karibu na mkwe wake kiasi kwamba Clever aliruka nyuma akakanyaga kigoda. Mama akapanda kibarazani, akachukua ufunguo juu ya redio. Akaingia upande wa dereva, akaifungua kanga kwenye usukani, akawasha.

"Deodata?" mzee akaita.

Kamba zilipofunguliwa, alirudi kinyumenyume kutoka kwenye sakafu, akapita baina ya simtanki na migomba bila kugusa hata jani, akaingia barabarani. Walisikia injini ikienda hadi kalavatini, ikigeuza, ikirudi. Akasimamisha gari mbele ya mumewe, injini inanguruma, akaongea kupitia dirishani.

"Linakwenda moja kwa moja. Liliporudishwa halikuwa limeharibika, mimi ndiye nililiharibu. Ile Ijumaa ulipokwenda kwa daktari wa macho. Mkwe wako hakugonga kitu, Baba Joyness. Hata sasa hivi amesema uongo kwa ajili yangu."

Mzee Evaristi alifungua mdomo atangaze, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na tangazo. Akashuka kibarazani akipapasa ngazi kwa mguu. Akaweka mkono kwenye boneti yenye moto.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" akauliza. Akauliza kweli, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

"Kumwona mtoto."

"Na mimi nilikuambia uchunge maharage."

"Uliniambia."

Mzee akageuka, akamtafuta Clever kwa macho yake yenye ukungu mpaka akampata kando ya kigoda kilichoanguka.

"Nilikuonea, mwanangu," akasema. "Nilikuonea mbele ya watu, na mbele ya watu nitalifuta. Joyness, funga mizigo."

Joyness alikuwa analia na kucheka, mtoto amemng'ang'ania shingo. "Nani atatupeleka, Baba? Wewe macho yako..."

Mzee Evaristi alizunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akajifunga mkanda.

"Muulize dereva," akasema.

Waliondoka mapema wasikute giza msituni. Clever hakupanda humo. Mkwe na mama mkwe gari moja, hapana, mambo mengine hayanyooshwi kwa siku moja. Alifuata nyuma na pikipiki yake, bati na pima maji vimefungwa kwenye keria, akilitazama gurudumu la kushoto likibingirika mbele yake kona baada ya kona. Joyness alimpungia mkono kupitia kioo cha nyuma, halafu akaunyoosha mkono wa mtoto naye apunge. Mbele, upande wa abiria, kofia ya Mzee Evaristi ilikuwa imelalia dirisha. Alikuwa amesinzia.